Uzito Haujashuka: Je, Nimetembea Bure?

MASWALI YA WASOMAJI

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka 61, na naishi Tanga. Mwezi wa Machi nilipimwa kliniki, nikaambiwa kwamba kiuno changu ni sentimita 104, presha ni 142 kwa 88, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.1, na mafuta ya damuni yanayoitwa trigliseridi ni 2.3. Daktari alisema kwamba mambo hayo yakikutana huitwa sindromu ya metaboli, akanishauri nitembee kwa kasi dakika 40 kila siku. Nimefanya hivyo kwa miezi minne, nikitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, na mizani haijateremka hata kilo moja. Mjukuu wangu anayesoma chuo ameniambia kwamba ushauri huo umetokana na majaribio ya panya. Je, mimi na panya tuna uhusiano gani, na je, niendelee kutembea?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokutoa nyumbani kesho alfajiri: endelea. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, na kwa bahati nzuri au mbaya maelezo hayo hayawezi kumkwepa panya.

Sindromu ya metaboli si ugonjwa mmoja. Ni kukutana kwa hitilafu ambazo mara nyingi huandamana: kiuno kipana, trigliseridi kuanzia 1.7, lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) iliyopungua, presha kuanzia 130 kwa 85, na sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6. Kwa vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2009, mtu mwenye tatu kati ya hizo tano huhesabiwa kuwa nayo, na wewe umetaja nne. Aliyeipa hali hii umaarufu ni Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye mwaka 1988 aliiita Sindromu X. Kinachonivutia, na kinachohusu mizani yako moja kwa moja, ni kwamba Reaven hakuuweka unene katika orodha yake ya kwanza. Kwake yeye kiini kilikuwa ni misuli na viungo vingine kutoitikia insulini ipasavyo, na aliona kwamba hata watu wasio wanene wanaweza kupatwa na hali hiyo.

Sasa panya. Lugha yetu ina neno moja kwa mnyama wa kilo nusu na kwa yule wa gramu 25 anayejificha nyuma ya kabati, ilhali maabara huwatenganisha kabisa; hapa nitamwita wa kwanza panya na wa pili panya mdogo. Mwaka 1987 kundi la Reaven liliwalisha panya wenye afya chakula ambacho takriban theluthi mbili yake ilikuwa fruktosi, yaani sukari ya matunda. Baada ya wiki mbili hivi presha yao ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, ilikuwa imepanda kutoka 124 hadi 145, na insulini na trigliseridi zikapanda pia. Mwaka uliofuata walirudia jaribio hilo, lakini safari hii baadhi ya panya waliwekwa katika vizimba vyenye gurudumu la kukimbilia. Waliokimbia walikula fruktosi ile ile, na presha yao haikupanda kama ya wenzao waliokaa tu.

Jaribio la namna hiyo haliwezekani kwa binadamu. Huwezi kumchukua mtu mzima mwenye afya, ukamletea ugonjwa kwa makusudi, kisha ukamnyima nusu ya wenzake nafasi ya kutembea ili uone nani ataumia. Kwa watu tunaweza kuona kwamba wanaotembea wana sukari nzuri zaidi, lakini hapo hapo mtu mwenye busara huuliza: je, ni kutembea kumewaletea afya, au ni afya iliyowapa nguvu za kutembea?

Swali hilo lilijibiwa kwa namna ambayo naihesabu kuwa nzuri kuliko zote katika uwanja huu. Kuanzia mwaka 1996, Steven Britton na Lauren Koch, waliokuwa Ohio, Marekani, walikimbiza kundi la panya wa mchanganyiko, wakaozesha waliokimbia mbali kwa waliokimbia mbali na waliochoka mapema kwa waliochoka mapema, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyefundishwa mazoezi. Walichorithi ni uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Baada ya vizazi 11 koo hizo mbili zilitofautiana kwa asilimia 347 katika uwezo wa kukimbia. Mwaka 2005 wao pamoja na Ulrik Wisløff wa Trondheim, Norwei, walichapisha vipimo vyao: ukoo wa wavivu, ambao haukuchaguliwa hata kidogo kwa sababu ya sukari wala presha, ulikuwa na presha ya juu zaidi, mafuta mengi zaidi kuzunguka matumbo, na sukari, insulini na trigliseridi nyingi zaidi damuni. Watafiti waligusa jambo moja tu, yaani pumzi, na sindromu nzima ikafuatana nalo kama mkia.

Utasema, basi aliyezaliwa bila pumzi ameshahukumiwa. Hapana. Mwaka 2009 watafiti wa Trondheim waliwachukua panya wa ukoo huo dhaifu wakawafundisha kukimbia. Kundi moja lilikimbia kwa kasi ya wastani bila kusita. Jingine lilikimbia vipindi vya dakika chache kwa kasi kubwa, vikitenganishwa na vipindi vya kwenda taratibu. Uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 45 katika kundi la vipindi na asilimia 10 katika lile la mwendo mmoja, na presha ya juu ikashuka kwa 20 na kwa 6 mtawalia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mpango kama huo ulikuwa umejaribiwa mjini humo kwa watu 32 wenye sindromu yako, mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, kwa hiyo tusimpe panya sifa zote. Waliokwenda kwa vipindi vya kasi waliongeza uwezo wa oksijeni kwa asilimia 35, na waliokwenda mwendo mmoja kwa asilimia 16. Uzito, je? Wa kwanza walipungua kilo 2.3 na wa pili kilo 3.6. Waliopungua kidogo zaidi ndio waliopata pumzi zaidi. Mizani, Mwalimu, ni shahidi ambaye hakuwapo tukio lilipotendeka.

Tukio lenyewe hutendeka ndani ya misuli. Katika nyumba nyingi za pwani mgeni rasmi hupiga hodi mlango wa mbele, na watu wa nyumbani hupita uani. Glukosi, yaani sukari ya damuni, inapotaka kuingia katika seli ya msuli uliotulia, insulini ndiyo huipigia hodi, na seli hujibu kwa kusogeza ukutani milango midogo ya protini inayoitwa GLUT4. Katika sindromu ya metaboli hodi inapigwa, inapigwa tena, na wenye nyumba hawaitikii, hivyo kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi. Lakini mwaka 1984 Ploug, Galbo na Richter wa Copenhagen walionyesha katika misuli ya panya kwamba msuli unaposinyaa huchukua glukosi hata pasipokuwa na insulini kabisa. Mlango wa uani hufunguliwa na kazi yenyewe. Kabla ya hao, mwaka 1967, John Holloszy wa St. Louis alikuwa ameonyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa huongeza mno mitokondria katika misuli yao, yaani vile vinu vidogo vya seli vinavyochoma mafuta na sukari. Baadhi ya vimeng'enya vyake viliongezeka takriban maradufu. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo mawili linalosubiri kilo zipungue. Hata wale panya wa Zucker, walio wanene kwa sababu ya jeni, misuli yao huitikia insulini vizuri zaidi wakifundishwa kukimbia, huku wenyewe wakibaki mabonge vile vile.

Naomba, basi, urudi kliniki upimwe tena vitu vitano, si uzito tu: kiuno, presha, sukari, trigliseridi, na ile lehemu nzuri ambayo hukuitaja. Mwombe daktari wako akuambie kama moyo na magoti yako yanaruhusu kuongeza kasi kwa dakika tatu au nne, kisha kupunguza, kisha kuongeza tena, ndani ya zile zile dakika 40. Ikiwa unatumia dawa ya sukari au ya presha, usiipunguze kwa sababu ya jibu langu. Na mjukuu mwambie amesema kweli, ila asiliseme jina la panya kwa dharau.

*

Profesa, shikamoo. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mazoezi ya erobiki na sindromu ya metaboli. Msimamizi wangu anataka nichague aina ya panya na njia ya kuwakimbiza. Nimesoma makala nyingi, na nyingine zinapingana waziwazi. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Marahaba. Anzia pale ambapo ugonjwa uliingia mwilini mwa panya, kwa sababu makala nyingi zinazopingana kwa kweli zinazungumzia magonjwa tofauti yaliyopewa jina moja. Panya wa Zucker, aliyeelezwa mwaka 1961, ana kasoro katika kipokezi cha leptini, ile homoni inayouambia ubongo kwamba mafuta yametosha. Kwa hiyo hula bila kujua kushiba. Ni mnyama mzuri wa kuchunguza misuli isiyoitikia insulini, lakini watu wenye kasoro hiyo ni wachache mno, na anayepimwa sukari Kariobangi au Kisauni hakuumwa kwa njia hiyo. Wengi wetu tumefika kwa njia ya sahani na kiti. Kwa sababu hiyo mimi ningechagua panya aliyelishwa mafuta na sukari, hata kama matokeo yake hayana usafi wa yale ya jeni.

Hata hapo kuwa mwangalifu. Katika jibu lililotangulia nimeyasifu majaribio ya fruktosi ya mwaka 1987. Presha yake ilipimwa kwa kufunga kikanda mkiani mwa panya aliyeshikiliwa, na panya aliyeshikiliwa ni panya mwenye hofu. Mwaka 2005 D'Angelo na wenzake waliwapima panya wa fruktosi kwa kifaa kilichopandikizwa mwilini, kinachotuma vipimo mnyama akiwa huru kizimbani mwake. Walikuta kwamba insulini iliharibika kama ilivyotarajiwa, lakini presha haikupanda. Inawezekana kwamba lishe ile ilimfanya panya ashtuke zaidi anapokamatwa, na mazoezi yakampunguzia mshtuko. Hilo nalo ni jambo la maana kiafya, ila si jambo lile lile. Ukiandika neno presha katika pendekezo lako, andika sentensi ya pili inayosema utaipima vipi.

Kuna mnyama mmoja ambaye nashangaa kwamba wanafunzi wa kwetu hawamtaji. Panya wa nyasi, Arvicanthis niloticus, anaishi katika savana zetu, na kundi mashuhuri la maabara la Chuo Kikuu cha Michigan State lilitokana na panya walionaswa Masai Mara mwaka 1993. Porini hula majani, mashina na mbegu na hana tatizo. Akipewa chakula cha kawaida cha panya wa maabara, kile ambacho panya wengine hukila maisha yao yote bila madhara, wengi wao hupata sukari, na mwaka 2010 Noda na wenzake walimweleza kuwa mfano wa sindromu ya metaboli inayojitokeza bila kubadilishwa jeni. Zaidi ya hayo, yeye huamka mchana kama sisi.

Jambo hilo la mchana si dogo. Panya wa kawaida wa maabara na panya mdogo hulala mchana, nasi watafiti huingia kazini saa mbili asubuhi tukawatoa usingizini na kuwapandisha kwenye mashine. Ni sawasawa na kumwamsha mtu saa nane za usiku, kumkimbiza uwanjani, kisha kuandika kwamba mazoezi yamempandisha homoni za mfadhaiko. Ukiweza, geuza taa za chumba ili usiku wao uwe mchana wako.

Kuhusu mashine au gurudumu, nikusimulie kilichonipata. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa panya wa kuwakimbiza kwenye mkanda wenye njia sita, kila njia imetengwa kwa ukuta wa plastiki, na mwisho wa mkanda kuna fito nyembamba za chuma zinazopitisha umeme mdogo wa kumshtua atakayesimama. Siku ya tatu panya wa njia ya nne aligundua kwamba akiegemeza makalio kwenye ukuta wa nyuma, akakanyaga ukingo mwembamba usio na umeme, na kugusa mkanda kwa vidole vya mbele tu, mkanda unapita chini yake naye hakimbii. Alikaa hivyo nusu saa nzima, masharubu yakichezacheza, na mimi nikaandika daftarini, kama kwa wenzake wote: dakika 30, mita 15 kwa dakika. Panya yule aliingia katika wastani wa kundi. Tangu hapo, nikisoma makala inayosema kwamba mazoezi hayakuleta tofauti, huuliza kwanza nani alikuwa amesimama nyuma ya mkanda.

Gurudumu halina umeme, na mnyama hulipanda kwa hiari. Mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuweka magurudumu nje, porini, na panya wadogo wa mwituni wakaja wenyewe kukimbia. Hata vyura walipanda, na konokono wasio na kombe. Tatizo la gurudumu ni kwamba huna mamlaka juu ya kipimo: mmoja atakimbia kilomita nane kwa usiku, jirani yake mbili, na wote watakula zaidi. Kwa hiyo usilinganishe wanaokimbia na wasiokimbia tu. Pima umbali wa kila mmoja, pima chakula, na uwape panya wa kulinganisha gurudumu lililofungwa ili vizimba vifanane.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Panya mdogo anayetunzwa katika nyuzijoto 22 anahisi baridi, kwa maana mwili wake hutulia kwenye takriban 30, na sehemu kubwa ya chakula chake huchomwa ili apate joto tu. Faida ya mazoezi kwenye mafuta ya mwili inaweza kuchanganyika na faida ya kutetemeka. Lehemu ya panya husafiri zaidi katika ile chembe tunayoiita nzuri, kwa sababu panya hana protini ya CETP ambayo kwetu huihamisha, hivyo badiliko la lehemu katika panya ulisome kwa tahadhari. Tumia majike pia. Makala zilizojaa madume tu zimetuchosha. Na kama bajeti inakubali kipimo kimoja tu cha gharama, kiwe cha uwezo wa kutumia oksijeni kabla na baada ya mafunzo, kwani bila hicho hutajua kama mazoezi yako yalikuwa mazoezi.

*

Assalaam aleykum. Mimi ni seremala wa Unguja, miaka 47. Nilikuwa nakimbia kila jioni na sukari yangu ikawa imeteremka vizuri. Ramadhani iliyopita niliacha kabisa mwezi mzima, na nilipopimwa baada ya Idi imepanda karibu pale ilipokuwa. Je, mazoezi hupotea upesi namna hiyo?
Seremala, Unguja

JIBU: Wa aleykum salaam. Hupotea upesi kuliko hivyo. Mwaka 2005 David Kump na Frank Booth wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwaacha panya wakimbie magurudumuni kwa wiki tatu, kisha wakayafunga. Saa 53 baadaye, yaani siku mbili na kitu, uwezo wa misuli yao kuchukua glukosi kwa amri ya insulini ulikuwa umerudi kwenye kiwango cha panya ambao hawakukimbia kabisa. Katika chuo hicho hicho walichunguzwa panya wa aina ya OLETF, wanaokula kupita kiasi kwa kasoro ya kuzaliwa. Waliokimbia wiki 16 hawakupata ini la mafuta ambalo wenzao walilipata. Magurudumu yalipofungwa kwa wiki moja, mafuta yenyewe yalikuwa hayajarudi katika maini yao, ila mitambo ya kuyatengeneza ilikuwa imeshaanza kazi.

Ndiyo maana miongozo ya wenye kisukari husema kwamba zisipite zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kuongeza mitokondria huchukua wiki, lakini kule misuli kuitikia vizuri zaidi ile hodi ya insulini niliyomweleza Mwalimu wa Tanga hudumu siku moja au mbili tu baada ya kila jasho, kwa hiyo hakuwekwi akiba.

Kwa Ramadhani ijayo hulazimiki kukimbia kama kawaida. Wengi huweza kutembea nusu saa baada ya Tarawehe, au muda mfupi kabla ya futari ili kiu isikae muda mrefu. Kama unatumia dawa zinazoshusha sukari, zungumza na daktari wako tangu Shaabani, kwa maana funga, dawa na mbio vikikutana sukari inaweza kushuka mno, na huo ni mtihani mwingine. Kwa sasa rudi barabarani, lakini usianze na umbali uliouachia. Chukua nusu yake kwa wiki mbili za kwanza, jioni moja kwenda na jioni moja kupumzika, na upime sukari asubuhi inayofuata kila jioni uliyokimbia.